Sentensi Tatu Nilizoandika Ubaoni

Nyinyi mnaoanza kufundisha Kiingereza mwaka huu, kaeni kidogo niwaambie. Najua mna haraka. Mna kompyuta, mna video za Waingereza wanaofungua vinywa taratibu ili mwanafunzi aone ulimi umekaa wapi. Mimi nilikuwa na ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, chaki, na mdomo wangu, ambao wajukuu wanasema haujapoa hadi leo. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimalizia katika jambo moja: kuwafanya watu wazima wa Kigali waseme must, may, could na would, na waseme if bila kutetemeka. Sasa magoti yamegoma kusimama. Makosa yangu nayakumbuka kuliko mafanikio yangu, na nadhani hayo ndiyo yatakayowafaa.

Darasa langu la watu wazima lilikuwa Muhima, katika chumba cha nyuma cha duka la sabuni na chumvi. Mwenye duka alitupa chumba hicho kuanzia saa kumi alasiri, kwa sharti kwamba mimi nimfundishe mwanawe bure na wanafunzi wasikalie magunia. Walikalia magunia. Ilikuwa miaka ya vita, ile iliyoanza mwishoni mwa mwaka wa tisini. Kigali wakati huo ulikuwa mji wa Kifaransa. Ofisi zilisema Kifaransa, mitaa ya kwetu Biryogo na Nyamirambo tulisema Kiswahili, na nyumbani kwa kila mtu ni Kinyarwanda. Kiingereza kilikuwa lugha ya waliokuwa upande wa pili wa vita, wale waliotokea Uganda, kwa hiyo mtu aliyekijua alikisema kwa sauti ya chini.

Mimi nilikijua kwa sababu ya mama. Mama yangu ni mtu wa Kigoma, na baba yangu, fundi cherehani wa Biryogo, alinipeleka kwa wajomba huko nikasome. Nilirudi Kigali na Kiingereza cha shule ya Tanzania, Kiswahili cha kujidai, na bila baba, maana alifariki nikiwa huko. Hilo nalisema mapema kwa sababu linahusika.

Basi wakaja wageni. Vita vilikuwa vimewakimbiza watu kutoka kaskazini, wakajaa kambini nje ya mji, na mashirika yakafungua ofisi Kimihurura na kwingineko. Baadhi ya wageni hao hawakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Wakatafuta madereva, watunza ghala, watu wa kupokea simu, wanaojua Kiingereza. Ghafla darasa langu likajaa.

Nianze na must, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonichekesha zaidi. Nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Ramadhani, dereva wa lori, mtu mkubwa wa mwili na mpole kama mkate wa maziwa. Ramadhani aliona must ina nguvu, akaipenda. Alidhani neno lenye nguvu ndilo lenye heshima. Siku moja alimbeba mgeni kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe, na alipotaka kumkaribisha nyumbani kwake kwa chai akamwambia lazima aje, lazima anywe, lazima akae. Mgeni akafikiri ametekwa. Alimpa Ramadhani saa yake ya mkononi. Ramadhani akaja darasani na saa ile, anashangaa.

"Mwarimu, hii muzungu iko na roho nzuri sana. Mimi nasema karibu tu, yeye ananipa saa!"

Nilimrudisha akairudishe. Tangu siku hiyo sikumfundisha mtu must kabla hajajua may. Mjifunze hapo: mtu mzima anayetafuta kazi anahitaji kuomba kabla ya kuamuru. Na njia yangu ya kufundisha may ilikuwa hii. Nilifunga mlango. Anayetaka kutoka kwenda kunywa maji au kujisaidia sharti aniombe kwa may. Aliyeomba vizuri, wakati mwingine nilimkatalia. Walilalamika. Selestini, aliyewahi kusoma seminari akaacha, akanipigia kelele kwamba amesema sawasawa, kwa nini nimemnyima? Nikamwambia kuomba vizuri si kupewa. Alikaa akiwa amebana magoti mpaka saa kumi na mbili. Labda nilizidisha, lakini hakusahau.

Tatizo kubwa lilikuwa if. Kwa watu wa Biryogo nilikuwa na daraja la -nge-. Nilisema ningekuwa na pesa, ningejenga, wakaelewa hapohapo. Lakini wengine wote, Kiswahili chao cha Kigali hakina habari na -nge-. Wao husema kama niko na pesa nitajenga, basi, iwe pesa ipo au haipo, iwe inakuja au haiji. Waliosoma nikawavusha kwa Kifaransa. Wasiosoma nikaona nitawavusha kwa kukariri, na hapo ndipo nilipopotea. Niliandika sentensi tatu ubaoni, nzuri, zimenyooka, kisha nikawaambia wanakili na waseme. Nilizitoa katika maisha yangu mwenyewe kwa sababu zilinijia haraka. Nitawaandikieni kama nilivyoziandika, nyinyi mnajua Kiingereza:

If my father were alive, he would be proud of me.
If I had money, I would build my mother a house in Kigoma.
If I got a good job, I would never come late.

Ya baba niliiandika kama mtu anavyoandika bei ya sukari. Ilikuwa na were, ilikuwa na would, ilikuwa na kila kitu. Niliiandika kila mwaka kwa kila darasa, wakaipokea kwa sauti moja mpaka mwenye duka akaijua. Alikuwa akipima chumvi huku anaiimba.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana anaitwa Donata. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwenye haya, sauti yake ukiitaka lazima umwinamie. Baba yake, Mzee Gaspari, alikuwa mwashi. Ndiye aliyeniletea huyo binti kwa mkono wake, akakaa siku ya kwanza kwenye gunia na kofia mapajani, akasikiliza mpaka mwisho asielewe neno, kisha akasema inafaa. Siku ya pili kiongozi wa seli, yaani wa mtaa wetu, akaanza kuuliza: hao wanaojifunza Kiingereza pale dukani ni akina nani, na wanajifunza kwa ajili ya nani? Swali hilo wakati ule lilikuwa si la kucheza nalo. Watu walikuwa wameshalala jela kwa maswali madogo kuliko hilo. Mzee Gaspari akaenda mkutanoni, akasimama mbele ya watu akasema: binti ni wangu, darasa nalijua, akiulizwa mtu niulizwe mimi. Jina lake likaandikwa. Darasa likaachwa.

Kilichokuja Aprili ya tisini na nne mnakijua, mnafundishwa, na kila mwaka mnawasha mishumaa. Mzee Gaspari hakuivuka Aprili hiyo. Donata aliivuka. Wengi wa darasa lile sikuwaona tena, na sina nguvu ya kusimulia hilo, wala si leo. Nasimulia walivyokuwa wakifanya kazi na kukasirika na kucheka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowajua.

Turudi nyuma basi. Shirika moja la Kimihurura lilitangaza nafasi: dereva mmoja, mtunza ghala mmoja, na mtu mmoja wa kupokea wageni na simu. Nikawapeleka watatu wangu, Ramadhani, Selestini na Donata. Mimi nilikuwa na vipindi shuleni, sikwenda. Mzee Gaspari alifuatana na binti yake, akamngoja nje getini, kanyoa ndevu, kavaa koti la misa.

Yaliyotokea nilisimuliwa jioni ile na Ramadhani, amekaa juu ya gunia, amejishika kichwa.

Aliingia yeye kwanza. Mzungu, mrefu, shingo nyembamba, mtu mwenye adabu, akamwambia ajieleze. Ramadhani akavuta pumzi akazimwaga zote tatu. Baba angekuwa hai angejivuna. Mama angejengewa nyumba Kigoma. Kazini asingechelewa kamwe. Mzungu akaandika. Akaingia Selestini, mtu wa Gitarama, ambaye Kigoma hajawahi kuiona hata kwenye ramani. Akazimwaga zote tatu. Mzungu akaacha kuandika. Akamuuliza Selestini kama Kigoma ni mji mkubwa. Selestini hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, akajibu, "Yes, I would."

Kisha akaingia Donata. Kwa woga machozi yalikuwa yamemjaa kabla hajakaa. Akasema ya baba kwa sauti ile yake ya kunong'ona, machozi yakamtoka, akashindwa kufika hata kwa mama wa Kigoma. Mzungu akamwonea huruma. Huyu akamwamini. Akamwambia arudi Alhamisi kwa mazungumzo ya mwisho, akamsindikiza mwenyewe mpaka getini. Pale amesimama Mzee Gaspari na koti lake la misa. Mzungu akamwambia mlinzi neno. Mlinzi alikuwa amewahi kufanya kazi Mombasa, akamgeukia mzee.

"Mzee, bosi anakupa pole. Anasema umefanya vizuri kumlea huyu mtoto baada ya baba yake kufa. Wewe ni mjomba?"

Mzee Gaspari akatazama nyuma yake kuona anayeambiwa ni nani.

"Nani amekufa?"

"Baba yake huyu dada. Amesema mwenyewe huko ndani, analia."

Ramadhani aliniambia mzee hakupiga kelele. Alivaa kofia. Akaondoka kwa miguu, peke yake, kuteremka, Donata nyuma yake anaita papa, papa, yaani baba, naye hageuki.

Vijana, kwenu nyinyi huenda hili ni jambo la kucheka, na mimi mwenyewe nilianza kucheka pale kwa Kigoma. Lakini mnajua kwetu hapa mzazi aliye hai hatajwi kuwa amekufa. Ni kumwombea mabaya. Tena huyu mzee alikuwa ametoa jina lake mbele ya watu kwa ajili ya binti huyo, katika miaka ambayo watu walificha majina yao. Sasa binti kamzika mbele ya wageni. Jioni ile nilipata habari kwamba amekataa kula na Donata sahani moja, na amesema binti Kimihurura harudi, na kwangu haji tena. Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele.

Kosa lilikuwa langu. Nilijaribu kwanza kulisukumia kwa Donata. Nilimkuta nje ya kanisa, nikamkaripia, kwa nini hakusema maneno yake mwenyewe? Akanijibu akitazama chini:

"Mwarimu, ni wewe uriandika. Sisi tunaweza kubadirisha kitu mwarimu ameandika?"

Miaka kumi na saba nilikuwa nikiwafundisha watu wanakili, wasiguse, wasipunguze, na aliyebadilisha neno nilimgonga vidole kwa chaki. Nilichopanda nilikuwa nakivuna.

Mtu akikosa kwetu huenda na pombe. Hiyo ndiyo adabu, urwagwa wa ndizi, unaupeleka kwa uliyemkosea, mnakunywa, neno linakwisha. Sasa mimi ni Mwislamu, binti wa fundi Athumani wa Biryogo, nimeshika swala tano, natafuta dumu la pombe! Nilimtuma Selestini akanunue na akalibebe, mimi nikatembea mbele hatua nyingi ili watu wa msikitini wasituunganishe. Mzee Gaspari alitupokea. Akatoa viti. Selestini akaweka dumu katikati, nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili changu cha Kigoma kirefu, na mzee akaniacha nimalize.

Kisha akasema, "Onja."

Nilikuwa nimesahau. Anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya mwenye nyumba, kuonyesha haina sumu. Asiyeonja hajaleta kitu. Nikamtazama Selestini. Selestini, mtu wa msaada, akanyoosha mkono.

"Wewe acha," mzee akamwambia. "Kosa ni yako?"

"Oya, hapana, muzehe. Ni ya mwarimu."

"Basi mwarimu aonje."

"Mzee Gaspari," nikasema, "dini yangu hairuhusu."

"Najua. Mimi sikukuomba pombe. Ni wewe umeleta." Akalisogeza dumu kando kwa mguu, polepole, si kwa dharau. "Mwarimu, mimi niko mzima. Niko nakura, niko najenga. Wewe na mutoto wangu muriniua kwa Kiingereza, kwa muzungu. Hii pombe ni ya Kinyarwanda. Itanifufua kwa Kiingereza?"

Wakati ule maneno kama hayo mtu aliweza bado kuyasema kwa mzaha kidogo, na niliona kona ya mdomo wake inacheza. Lakini macho yake hayakucheka.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Arudi akanifufue pare pare. Kwa mudomo yake. Na mimi niko nasimama pare, naona."

Donata alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo safari hii tuliisikia wote: "Papa, nikisema niridanganya, kazi nitaikosa."

"Utaikosa," mzee akasema. "Baba utakuwa naye."

Tulikuwa na siku mbili za kujiandaa. Sasa nisikilizeni hapa kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi, baada ya miaka kumi na saba ya kujidai naijua. Kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kuchukua chaki nimwandikie Donata la kusema. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: ina should have, ina could, ina would, ingemfurahisha mkaguzi. Nikashika chaki, nikaiona mkononi, nikaiweka chini. Nikafuta ubao wote, pamoja na zile tatu. Mwenye duka akachungulia akauliza kama darasa limefungwa.

Niliwaambia wote wasimame. Chumba kilikuwa na dirisha upande mmoja na ukuta upande wa pili. Nikasema: mwenye jambo linaloweza kutokea aende dirishani, mwenye jambo lisiloweza kutokea aende ukutani, na hakuna kuandika. Kila mtu alete la kwake. Watu wazima wakaangalia viatu. Ramadhani akaanza. Akaenda dirishani akasema akipata kazi atanunua betri mpya. Halafu akajirudi, akaenda ukutani, akasema lori lake lingekuwa na breki nzuri, yule mbuzi aliyemgonga Gitarama angekuwa hai. Tulicheka, naye akacheka, na alikuwa ametumia would bila kujua. Baada ya hapo wakawa wanatembea huku na huku wanagongana. Njia hiyo niliitumia mpaka nilipostaafu, na kama mnafundisha chumba kidogo, itumieni. Mtu akiibeba sentensi yake kwa miguu haipotei.

Donata alienda dirishani mara nyingi, akafungua mdomo, akaufunga. Siku ya pili jioni bado hajasema. Nikaogopa. Nilikuwa na hakika Alhamisi atanyamaza, kazi itapotea, na mzee atakuwa amedhalilika mara mbili, na yote ni chaki yangu.

Alhamisi tulipanda watatu Kimihurura, pale ambapo siku hizi mnakwenda kupiga picha mbele ya jengo la mikutano. Wakati huo kulikuwa na nyumba za serikali na bustani, na miguu yangu ilikuwa mizima. Mlinzi wa Mombasa alimwona Mzee Gaspari akasimama wima. Tukaingia sote. Mzungu alishangaa kuona ujumbe, lakini akatupa viti. Mimi nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, midomo yangu inatembea kama mama anayemlisha mtoto.

Donata hakukaa. Alisema kwa Kiingereza kilichopinda kila mahali. Hakuna would, hakuna should, hakuna kitu chochote nilichomfundisha. Alisema: Baba yangu hafi. Huyu hapa. Anajenga nyumba za watu. Kila siku ananileta shule. Mimi nilikuwa na woga, nikasema baba wa mwalimu. Samahani. Kazi, sawa, hapana kazi. Lakini baba, yuko.

Akamshika mzee mkono, akamsogeza mbele kidogo, ili aonekane vizuri.

Mzee Gaspari hakuelewa neno hata moja, ila aliliona lile la kusogezwa mbele. Akavua kofia akamsalimu mzungu kwa Kifaransa, "Bonjour, monsieur," akasimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mzungu aliangalia karatasi zake. Nilijua anaona Kigoma mara mbili. Akamuuliza Donata polepole: huyo baba aliyekufa, basi, ni wa nani?

Donata akageuka akanionyesha mimi.

Yule mtu akainuka kutoka kwenye kiti chake. Akazunguka meza, akaja mpaka mlangoni nilipokaa, akaniambia anasikitika sana kwa ajili ya baba yangu. Basi. Maneno ya kawaida, ambayo mimi mwenyewe nimeyafundisha mara nyingi. Nilifungua mdomo nimjibu thank you, na kilichotoka si thank you. Nililia. Nililia kwa kelele, mwanamke wa miaka thelathini na tano, mwalimu, katika ofisi ya watu, mbele ya mwanafunzi wangu. Nilijionea aibu na sikuweza kuacha.

"Amesema nini?" Mzee Gaspari akamuuliza binti yake.

Donata akamweleza kwa Kinyarwanda kwamba ile sentensi ilikuwa ya kweli, ila si ya kwao. Ni mwalimu aliyefiwa.

Mzee akanitazama. Hasira yote ilimtoka usoni nikiona. Akaja upande wa pili wa kiti changu, akaweka mkono begani mwangu, mkono mzito wa saruji.

"Wihangane, mwarimu," akasema, neno tunalompa aliyefiwa. "Wihangane. Alikufa rini?"

Nikamwambia. Miaka kumi na saba.

"Na hawakukupa pore?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa Kigoma. Barua ilichelewa. Nilipofika Biryogo matanga yalikuwa yamekwisha, mikeka imekunjwa, watu wamerudi kazini, na mama alikuwa amemaliza machozi yake, hakutaka kuanza upya. Nikaenda shuleni kuomba kazi. Nikaanza kufundisha.

Mzungu alimwambia Donata aje Jumatatu, saa mbili kamili. Sijui kama ni kwa sababu ya ukweli wake au kwa sababu alitaka tutoke ofisini. Alifanya kazi pale mpaka wageni walipoondoka, na Kiingereza chake kilinyooka chenyewe kwenye simu, bila mimi. Leo ana wajukuu Kanombe. Ramadhani na Selestini nao walipata kazi kwingine, kila mmoja akimtaja mama yake wa kweli.

Siku ile tuliteremka kwa miguu. Donata alitangulia, anatembea haraka kama msichana mwenye kazi. Mzee Gaspari alibaki nyuma na mimi kwa sababu nilikuwa nimevimba macho na sikutaka watu wanione. Tulipofika penye kivuli akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nilimwambia alikuwa fundi cherehani. Akasema hilo ni kazi, yeye anauliza mtu. Alikuwa anacheka na nini? Alikuwa anakula nini? Nilikuwa nimeandika habari za baba yangu ubaoni kila mwaka, zikapokewa kwa sauti na mamia ya watu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikaanza na kikohozi chake, namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani ili mama ajue ni yeye. Halafu ikaja pipi ya tangawizi aliyokuwa akificha kwenye droo ya cherehani, halafu wivu wake kwa mafundi wa Nyamirambo, halafu siku aliponipakia kwenye lori la Kigoma akajifanya ana mafua. Mzee Gaspari alikuwa akisema "yego, yego," ndiyo, ndiyo, na kuuliza tena. Tulifika Muhima jua limeanza kwenda, Donata ametungoja mlangoni, na mimi nilikuwa sijamaliza.